Mfuko Uliokataa Kuoza

Ipo nchi moja, wala si hii yetu. Hii yetu kila mtu anajua haina mambo ya namna hiyo. Nchi hiyo ilikuwa na Mlezi Mkuu aliyependwa na watu wote, na kama kulikuwa na asiyempenda, basi hakuonekana tena mtaani kutoa ushahidi. Ilikuwa na bendera, ilikuwa na wimbo, na ilikuwa na Wizara ya Udongo na Shukrani, iliyoshughulikia udongo asubuhi na shukrani mchana kutwa.

Siku moja Mlezi Mkuu alikuwa akipita kwa gari, upepo ukabeba mfuko wa plastiki ukaugandamiza kwenye kioo, mbele ya macho yake. Kwa muda kidogo hakuiona nchi. Kesho yake mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku, na haukupita muda serikali ikaleta wa kwake, Mfuko Mwema, uliotengenezwa kwa wanga wa mahindi na mihogo, ambao ukiutupa ardhini huoza ukageuka udongo. Juu ya kila mfuko ilichapwa picha ya Mlezi Mkuu akitabasamu, ili mwananchi anunuapo nyanya asijisikie mpweke.

Uzinduzi ulifanyika katika ukumbi mkubwa wa mji mkuu. Waziri wa Udongo na Shukrani, Mheshimiwa Dunstani Mbelwa, alipanda jukwaani akiwa ameushika mfuko kwa mikono miwili kama anayembeba mtoto kwenda kubatizwa.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Mfuko huu utaoza milimani, utaoza mabondeni, utaoza mchangani na topeni! Kwa nini? Kwa sababu udongo wa nchi hii ni mmoja! Udongo wetu hauna ukabila!"

Makofi yalipigwa mpaka vumbi likadondoka darini.

Katika viti vya nyuma alikuwapo mwanamke mmoja mpole, Nyamizi Lukonge, daktari wa udongo wa wizara hiyo hiyo. Hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa akiishi na mama yake, Bi Kasubi, katika nyumba yenye mbaazi uani, na jambo kubwa alilowahi kuifanyia serikali ni kuwahi kazini. Lakini siku ile, pengine kwa sababu ya joto, aliinua mkono.

"Samahani, Mheshimiwa. Unaoza katika udongo upi?"

Makofi yakakatika. Feni za ukumbini, ambazo hakuna aliyejua kama zinafanya kazi, zikasikika.

Nyamizi, badala ya kuketi, akaeleza. Alisema kiwandani mfuko ulioza kwa sababu waliufukia ndani ya biwi la takataka lenye unyevu, la moto kama chai. Kinachoozesha ni vijidudu, alisema, na vijidudu navyo ni viumbe, vinataka maji, joto na hewa. Udongo mkavu hauna, udongo wa baridi hauna, tope lililozama majini halina hewa, na wenye chumvi nyingi unaviua. "Kwa hiyo mfuko ule ule," alimaliza, sauti ikianza kumpotea, "mahali pengine utaoza kwa msimu mmoja, na mahali pengine wajukuu wetu wataukuta."

Waziri alitabasamu. Waliolijua tabasamu lile walitazama viatu vyao.

"Daktari ameuliza swali zuri sana," alisema. "Swali zuri namna hii halistahili kujibiwa na mtu mwingine."

Ndivyo Nyamizi alivyopandishwa cheo. Alifanywa Mkurugenzi Mkuu wa Kituo cha Taifa cha Uozo, kilichoanzishwa jioni hiyo hiyo katika Mbuga ya Ikulwe, mahali ambapo watu walishahama kabla nchi haijapata bendera. Kazi yake ilikuwa kufukia Mfuko Mwema mmoja na kuuangalia.

"Nitarudi lini, Mheshimiwa?"

"Ukishaoza."

Bi Kasubi alimsaidia kufungasha nguo. Alikuwa mwanamke wa umri mkubwa, mwenye mikono isiyotulia.

"Mfuko huchukua muda gani kuoza, mwanangu?"

"Inategemea udongo, mama."

"Na udongo wa huko ukoje?"

Nyamizi aliikunja upya kanga ambayo ilikuwa imekwisha kukunjwa vizuri.

*

Ikulwe ilikuwa nyeupe. Chumvi ilikuwa imetanda juu ya ardhi hadi macho yanapokomea, na ukiikanyaga inalia kama ukoko wa wali. Mchana jua lilichoma, asubuhi baridi ilikata vidole, na upepo haukuwa na kwao, ulivuma tu. Kituo kilikuwa nyumba ya mabati, tangi la maji lililojazwa na lori mara chache kwa mwaka, mlingoti wa bendera na redio ya upepo. Wizara ilikuwa imefikiria kila kitu. Hata kiti kilikuwa kimoja.

Nyamizi alichimba, akafukia mfuko, akaweka alama ya jiwe. Baada ya wiki alifukua. Mlezi Mkuu alikuwa akitabasamu. Baada ya miezi alifukua tena. Alikuwa bado akitabasamu, meno meupe, hata doa hana. Udongo ule haukuwa na unyevu wa kutosha kulowesha ncha ya kidole. Angefukia mkate humo, angeukuta mkate.

Kila asubuhi redio ilikoroma.

"Makao Makuu kwa Uozo, Makao Makuu kwa Uozo. Hali ya mfuko?"

"Haujaoza," alijibu Nyamizi siku ya kwanza.

"Rudia, Uozo."

"Haujaoza. Uko vile vile nilivyoufukia."

"Daktari," ilisema sauti, sasa kwa upole, "hapa nimepewa majibu mawili tu. Umeoza, na unaoza. Hilo lako sina pa kuliweka."

"Basi weka unaoza, kaka."

"Asante. Unaoza." Redio ikakoroma kidogo. Nyamizi alidhani mtu ameondoka. Kisha sauti ikauliza, "Umeamkaje lakini?"

Aliyeuliza alikuwa Melkizedeki, mtumishi wa redio wa wizara. Nyamizi alikuwa amefanya kazi katika jengo moja naye miaka mingi bila kumwona, kwa kuwa chumba cha redio kilikuwa chini ya ngazi na hakuna aliyekuwa na sababu ya kwenda huko. Sasa ndiye alikuwa mtu pekee duniani anayemwuliza ameamkaje. Kanuni ziliruhusu mazungumzo juu ya mfuko peke yake, kwa hiyo Melkizedeki alisimulia kila kitu kwa kupitia mfuko. "Mfuko huku mvua imenyesha," angesema. "Mfuko leo nimekula maharage, yalikuwa na mawe." Akirudi nyumbani alipita mtaa wa Bi Kasubi, akawa anapiga hodi kumsalimia.

"Mama anakuulizia," alisema karibu kila asubuhi. "Anasema mbaazi zimezaa. Anauliza kama unakula."

"Mwambie nakula."

"Nilishamwambia. Kasema huwa unadanganya."

Nyamizi alicheka, halafu akashtuka, maana alikuwa amesahau kicheko chake kinasikikaje. Redio ikizimwa, siku nzima ilikuwa mbele yake kama mbuga yenyewe. Alipika chakula cha mtu mmoja. Aliosha sahani moja. Alianza kukihamisha kiti, asubuhi upande huu wa meza, jioni upande ule, ili angalau meza ione watu wawili. Na alipofukua mfuko alijikuta anasema, "Habari za leo," kwa ile picha, kisha anangoja kidogo, kwa adabu, kabla ya kufukia.

*

Huko kwingine nchini mambo yalikwenda vizuri mno. Melkizedeki alimpa habari kila zilipofika.

Katika mkoa wa vinamasi mfuko uliopolewa topeni ukiwa mzima, unanuka, lakini mzima. Mkuu wa mkoa aliunusa mbele ya wananchi, akatangaza kwamba umeoza kwa ndani. Katika mkoa wa mchanga jua liliuchanachana ukawa vipande vidogo vilivyotapakaa mashambani na matumboni mwa mbuzi. Huko iliamuliwa kwamba chochote asichokiona mgeni rasmi bila miwani kimeoza, na mgeni rasmi, kwa uzalendo, alikuwa ameacha miwani nyumbani.

Balaa lilitokea Bwera. Bwera kuna udongo mweusi, mvua hazikauki, na ardhi ina joto la kupendeza na minyoo wanene. Huko mfuko ulioza kwelikweli. Waziri Mbelwa alialikwa na ngoma zikapigwa. Shimo likafunuliwa. Ndani kulikuwa na nusu ya uso wa Mlezi Mkuu, na katika jicho lililobaki mnyoo alikuwa akitoka taratibu, hana habari na itifaki.

Ngoma zilikoma. Afisa kilimo wa Bwera alikamatwa pale pale kwa kosa la kuruhusu Mkuu wa Nchi aliwe. Minyoo walifunguliwa jalada la uhaini, ingawa washtakiwa wengi walikaidi kufika mahakamani. Na wizara ikatoa mwongozo mpya: kuanzia sasa mfuko utaoza, lakini picha haitaoza. Udongo wote nchini ulitakiwa kuzingatia.

"Sasa je, wako?" aliuliza Melkizedeki, kwa sauti ya kunong'ona. "Picha imeguswa?"

"Kaka, inang'aa kama kioo. Ningeweza kunyoa ndevu mbele yake, kama ningekuwa nazo."

Hakujua kwamba jibu hilo, lililofikishwa juu bila utani wake, lingemletea wageni.

Walikuja na magari mengi, waandishi wa habari na bendi ya tarumbeta. Nyamizi alivaa gauni lake zuri na kuwaandalia chai, akagundua kwamba ana kikombe kimoja. Haikuwa na neno, hawakuingia ndani. Waziri mwenyewe alipiga magoti chumvini na kufukua kwa mikono, na Mlezi Mkuu alipotokeza akitabasamu, msafi kama siku aliyochapwa, Waziri alilia mbele ya kamera, akafutwa machozi, akalia tena kwa ajili ya kamera iliyochelewa.

"Huu," alisema, "ndio udongo mtiifu! Wengine wameukula uso wa Baba. Udongo wa Ikulwe umeona heri kufa njaa kuliko kuugusa!"

Ilitolewa Nishani ya Utiifu. Kwa kuwa aliyetunukiwa ni udongo, nishani ilifukiwa.

Nyamizi alisogea. Alikuwa amelisema neno hili mara nyingi kwa meza na kwa kiti.

"Mheshimiwa, sasa naweza kurudi nyumbani?"

"Urudi?" Waziri alishangaa kwa dhati. "Na nani atamlinda Baba? Siku mfuko huu ukioza, Daktari, tutajua nani kauozesha."

"Lakini niliambiwa nitarudi ukishaoza."

"Na agizo hilo lipo pale pale. Serikali haifuti maagizo yake. Utarudi ukioza, na usioze." Akampiga bega kirafiki. "Umebahatika sana. Mimi mjini sipati hata dakika ya kukaa peke yangu."

Bendi ilipiga huku ikipanda gari. Ilipiga ikienda. Muziki ulisikika muda mrefu juu ya ile nchi tambarare isiyo na kitu cha kuuzuia, ukapungua, ukawa kama mbu, ukakoma. Nyamizi alibaki amesimama na kile kikombe mkononi. Chai ilikuwa imekwisha kupoa. Aliinywa.

*

Kiangazi kilichofuata ndipo Melkizedeki alipoacha kumtaja Bi Kasubi. Asubuhi ya kwanza Nyamizi alidhani amesahau. Ya pili alidhani redio ni mbovu. Ya tatu aliuliza.

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Anakula, anatembea. Mbaazi anamwagilia."

"Hajaniulizia?"

"Ameacha kuuliza, dada."

"Amenikasirikia?"

"Hapana. Juzi nilipofika nikamwambia Nyamizi anakusalimu. Akanikaribisha chai. Akaniwekea sukari mwenyewe. Halafu akaniuliza, huyo Nyamizi ni nani?"

Nyamizi alisema asante. Alisema unaoza, kama ilivyotakiwa. Akazima redio, akatoka nje, akatembea juu ya chumvi mpaka nyumba ya mabati ikawa ndogo kama kiberiti, na huko alisimama, kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kwenda zaidi ya hapo wala mtu wa kumwambia.

Aliporudi alikuwa ameamua.

Kila kiangazi wachota chumvi walikuja na punda wao, wakapiga kambi upande wa mbali wa Ikulwe. Kiongozi wao alikuwa mwanamke mrefu aitwaye Mama Lushinge. Nyamizi alimfuata na debe.

"Naomba mavi ya punda."

Mama Lushinge alicheka mpaka akashika kiuno. "Watu wa mjini wanakuja huku kutaka chumvi. Wewe unataka mavi! Chukua, mdogo wangu, hayo hatutozi."

Chini ya kichaka pekee cha miiba, palipodondoka majani na kivuli, Nyamizi alikwangua udongo uliokuwa bado hai. Aliuchanganya na mavi, maganda ya viazi, majani ya chai. Maji ya kuoshea chumvi iliyomo aliyapata kwa kuacha kuoga, na ya kulowesha aliyapata kwa kunywa nusu ya alichokuwa akinywa. Aliurundika shimoni, akafunika kwa gunia ili joto lisitoroke, na kila siku akaugeuza kwa koleo upate hewa. Mwanzoni ulikuwa uchafu tu. Kisha asubuhi moja yenye baridi aliingiza mkono katikati, na ndani kulikuwa na joto.

Aliuacha mkono humo. Tangu aje Ikulwe hakuwa ameshika kitu chenye joto ambacho si sufuria. Lilikuwa joto la mwili, la mtu aliyelala karibu. Alikaa hivyo, amepiga magoti, shavu juu ya gunia, mpaka jua likapanda.

Ndipo akauleta mfuko.

Uliliwa kuanzia kingoni. Ulilegea, ukawa na madoa, ukatoboka sikio, ukapoteza shingo. Tabasamu ndilo lililokawia. Siku Nyamizi alipogeuza biwi asilione tena, alichakura kwa vidole huku na huku, kwanza kwa furaha, baadaye kwa kitu kingine, maana kwa muda wote ule uso huo ndio pekee aliokuwa akiusalimu.

"Pole," aliuambia udongo. Hapakuwa na wa kumwona.

Redio ilipokoroma alikuwa tayari ameketi.

"Makao Makuu kwa Uozo. Hali ya mfuko?"

"Umeoza."

"Dada," alisema Melkizedeki haraka, "mikwaruzo imeingilia. Sijasikia. Rudia vizuri."

"Umeoza, kaka. Wote. Na picha."

Alimsikia akivuta pumzi, chini ya ngazi, mbali kule.

"Wakisikia hivyo watakuja kukuchukua," alisema hatimaye. "Afisa wa Bwera mpaka leo hajarudi."

"Najua."

"Ila wao husikia kwa masikio yangu tu." Akakohoa. "Wachota chumvi bado wapo?"

"Wanaondoka leo."

"Basi nenda. Mimi nitaendelea kuita Uozo kila asubuhi, kama kawaida. Nitangoja kidogo, halafu nitajijibu."

"Utasemaje?"

"Nitasema unaoza. Hakuna aliyewahi kuuliza zaidi ya hapo."

Nyamizi alitaka kusema kitu kikubwa, lakini mazoea ya kusema yalikuwa yamemwisha. "Ule vizuri," alisema. "Yachambue hayo maharage." Akazima redio.

*

Hivyo Mkurugenzi Mkuu wa Kituo cha Taifa cha Uozo alirudi mji mkuu kwa miguu na kwa punda na mwisho juu ya lori la chumvi, na kwa hesabu za serikali hakuondoka Ikulwe hata hatua moja. Mifuko Myema ilikuwa imejaa kwenye mitaro, mizima, nyuso zimelala chali zikimtabasamia kila apitaye. Kwenye kona ya mtaa wao jirani mmoja alimkodolea macho.

"Unafanana sana na yule Daktari wa Ikulwe."

"Watu huniambia hivyo," alisema Nyamizi.

Jirani aliitikia kwa kichwa na kupita. Redio ya taifa ilikuwa imesema asubuhi ile ile kwamba Daktari yuko Ikulwe, na jirani hakuwa mtu wa kubishana na redio.

Bi Kasubi alikuwa uani anachambua mbaazi. Alikuwa amekonda. Mikono haikuwa imetulia bado.

"Karibu, karibu mgeni. Vuta kigoda."

"Asante, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka mbali? Miguu imejaa vumbi jeupe."

"Mbali kidogo."

Mama alimmiminia chai bila kuuliza kama anataka. Nyamizi aliketi karibu naye, bega lake likigusa lile bega jembamba, akaanza kuchambua mbaazi naye. Zilikuwa zikidondoka tu kwenye sinia.

Jioni ilipoanza kuingia, mwanamume mmoja alipita barabarani, mfupi, mzee kuliko Nyamizi alivyokuwa akimfikiria, shati limefungwa mpaka kooni. "Hodi, mama, salama?" aliita, na Nyamizi alipoisikia sauti ile mbaazi zilimtoka mkononi. Mwanamume alimwona. Alisimama. Nyuma yake askari wawili walikuwa wakija taratibu na baiskeli zao. Alivua kofia, kama mtu anavyovua kwa mgeni yeyote asiyemjua, akaivaa tena, akaenda zake.

"Huyo ni mtu mzuri," alisema Bi Kasubi. "Anamjua binti yangu."

Nyamizi alihangaika kuzikusanya mbaazi. "Una binti, mama?"

"Ninaye. Jina lake linanipotea, linakuja na kwenda. Serikali ilimpeleka mahali angoje kitu kioze." Alicheka kidogo. "Uliona wapi kazi kama hiyo?"

"Kimeoza?"

"Sijui. Hajarudi." Bi Kasubi aliinua macho, akamtazama usoni muda mrefu, kwa uangalifu, kama anayetafuta sindano sakafuni. Kisha akaacha. "Una haraka wewe?"

"Sina, mama."

"Basi kaa nami tumngoje. Kungoja peke yangu kumenichosha."

Nyamizi alilisogeza sinia katikati yao.

"Nitakaa," alisema.